Kazi ya Nyumbani, Juma la Tatu

Darasa letu ni la jioni, ghorofa ya pili,
juu ya kituo cha tramu, hapa Sheffield.
Hita inanguruma kumshinda mwalimu.
Sote tumetoka kazini: Rukhsana ana unga kwenye mkono wa sweta,
mimi nanuka sabuni ya mashuka ya hospitali,
na Bwana Pickering, tai imemkaa upande,
anaandika ubaoni herufi nne tu:
A, T, G, C.

Nne! Nikacheka peke yangu.
Sisi chuoni tulichapwa kutoka alifu hadi ye,
na huyu anasema mwili mzima,
ukucha, kope, kicheko cha mamangu cha puani,
umeandikwa kwa herufi
zisizotosha kuandika jina langu.

Kisha akasema: kosa moja.
Pahala pa A pakiketi T,
mara moja, katika kitabu kirefu kuliko umri wa msomaji,
chembe ya damu iliyokuwa duara, imebonyea kati kama kitumbua,
hujipinda.
Wenzangu wakaomba mfano. Mimi sikuhitaji.
Kwetu herufi moja hutenganisha *damu* na *dumu*.
Nikaandika pembeni ya daftari: mundu.
Mundu naujua, niliukatia majani ya mbuzi.

Kombo.
Kaka yangu Kombo, aliyelia mifupa usiku kucha,
macho yamekuwa rangi ya bizari.
Akatimiza sita, akatimiza saba.
Nane hakuifikia.

Tulisema ni Shangazi Mize.
Tulisema jicho lake, maana hakuzaa.
Tulisema kwa kunong'ona, kisha kwa mganga,
kisha kwa komeo.
Siku ya hitima alisimama uani na sinia la mikate ya kumimina
mpaka nzi wakalijua.
Hakuna aliyempokea.
Nilikuwa na miaka kumi. Nilikuwa na mikono miwili.

Kazi ya nyumbani: chora mraba, ugawe viwanja vinne.
Juu mweke baba, ubavuni mama.
Familia yoyote, alisema, ya kubuni.
Mimi sikubuni.
Nimekaa jikoni, Burngreave, theluji inagusa kioo na kufa,
naandika nyuma ya bahasha ya bili ya gesi:
baba, moja nzima, moja mundu;
mama, moja nzima, moja mundu.
Wala hawakuumwa.
Nakala ile moja iliwapunguzia makali ya malaria,
ikawaacha hai, wakakutana, wakatuzaa.

Kila mimba ni kura mpya, alionya Bwana Pickering,
msidhani watoto hupanga foleni.
Najua. Lakini kiwanja cha nne ki wazi,
na ndani yake mundu mbili zimepishana.
Nikaigeuza bahasha kushoto, nikaigeuza kulia,
nikitafuta mlango alioingilia Shangazi.
Hauna.

Hapa mtoto wa siku tano huchomwa kisigino,
matone manne yakaukie kwenye kadi,
na akiwa nayo, penisilini humfikia
kabla hajajua kukaa.
Hesabu hiyo sitaiendeleza.

Kwao kulipokucha nikampigia, kwangu bado giza.
Miaka thelathini na sita. Sauti imebaki bila meno.
Nikaeleza vibaya: herufi, nusu ya huyu, nusu ya yule,
nikasema *mraba* mara nyingi mno,
nikasema *tusamehe* mara moja, ikakwama, nikairudia.
Kimya. Jogoo wake akawika masikioni mwangu.

"Hiyo herufi ya babako," akauliza,
"na mie nduguye naweza kuwa nayo?"
Huenda, Shangazi. Kama shilingi kurushwa juu.

Akavuta pumzi.
"Basi alikuwa wangu," akasema.
"Nilikuwa nawaambia. Alikuwa wangu."